Moto Chini ya Rododendroni

Jumanne asubuhi Cathal Lowney alizima msumeno wa injini, akakaa kwenye kisiki, akamimina chai. Februari ilikuwa imebakiza siku nne. Machi ikiingia, kukata vichaka jimboni Kerry ni marufuku mpaka Agosti iishe, ndege wanataga. Na msimamizi wa shamba, Prendergast, alishasema: rododendroni, vile vichaka vya maua vilivyovamia, zisipoisha kwenye msitu wa mialoni ndani ya Februari, Cathal na mama yake watoke kwenye nyumba ya getini. Zikiisha, wabaki, na kuni zote zao.

Tangu Krismasi Cathal alikuwa halali vizuri.

Chai haikuisha. Akarudi kukata. Nyuma ya kichaka kilichofuata kulikuwa na ukuta wa mawe, nyuma ya ukuta meko, na mbele ya meko bibi kizee anafukua jivu. Chini ya jivu kulikuwa na kaa la moto, jekundu.

"Zima hilo dude, linanipulizia jivu."

"Nimeshazima, bibi."

"Kumbe ni wewe unahema hivyo?"

Aliitwa Gobnait. Mwaka wa njaa, viazi vilipooza, enzi za babu wa babu yake Cathal, tajiri mwenye shamba aliwafukuza kijiji kizima. Wenzake wakapanda meli. Yeye akabaki, maana kaa lilikuwa bado linawaka na mtu haachi moto wa nyumbani uzime. Kila jioni alilifunika kwa jivu, kila asubuhi akalifukua. Tajiri akapanda rododendroni juu ya nyumba zao. Alipenda maua.

"Niachie kichaka kimoja," Gobnait alisema. "Moshi usionekane."

"Siwezi. Yule jamaa anakagua mpaka visiki."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Basi kata. Usinikodolee macho, kata."

Alikata. Moshi ukapanda wima katikati ya mialoni. Cathal alipanga kuni mbele ya meko, rundo refu, lakini upepo ukaja, moshi ukaonekana tu.

Ijumaa kazi ikaisha, Prendergast akaja. Alitazama visiki, akatazama moshi, akamwendea bibi.

"Unakaa hapa kwa mkataba gani?"

"Nina moto."

"Huo siyo mkataba."

Akaweka daftari gotini, akamwandikia notisi, atoke kesho. Akaandika notisi ya pili, akampa Cathal.

"Ya nini hii? Si ulisema tukimaliza tunabaki?"

"Nilisema wakati kazi ipo. Ile nyumba Pasaka inaingia watalii. Kuni chukueni, mimi si mtu mbaya."

Jumamosi mama yake Cathal alikuwa anafunga godoro kwa kamba, Gobnait alipoingia na ndoo ya jivu. Mama akachungulia ndani.

"Umelifunika vizuri," akasema, akampa kiti.

"Wapi hawajakata?" Gobnait aliuliza.

Cathal akaonyesha dirishani. Kilima cha ng'ambo ya barabara kilikuwa rododendroni tupu, hata mbwa hapiti. Walivuka, wakaingia vichakani wakitambaa, na godoro, birika, ndoo, kisha kuni, safari kumi na tisa. Jioni Gobnait alipanga mawe matatu, akalaza kaa katikati, akalifunika kwa jivu. Mama akalala. Cathal hakulala, alikuwa anasikiliza barabara.

Asubuhi ilikuwa Machi mosi. Juu ya vichwa vyao ndege walishaanza kubeba vijiti. Walikuwa na miezi sita.