Ufunguo wa Kabati la Bunduki

Verlene Haskew hakuwa na mpango wa kuzeeka kwa amri ya mtu. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba mwisho wa barabara ya changarawe, huko Missouri, ambako ukiita polisi mwizi anaweza kupika na kula kabla hawajafika. Alimwachia pia kabati la chuma lililojaa bunduki za marisau. Moja ilikuwa ya kuwasubiri hao wezi. Zilizobaki alizitumia kulenga shabaha kila Jumamosi, akipiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na alizipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Jumamosi moja mwanawe Garrett alikuja, akala mikate na mchuzi wa soseji, kisha akatia ufunguo wa kabati mfukoni.

"Mama, macho yamechoka hayo. Naziuza bunduki zote, unahamia kwangu mjini."

"Macho yangu yanakuona vizuri tu ukiniibia," Verlene alijibu. "Twende kwanza uwanja wa shabaha. Au unaogopa kushindwa na kizee?"

Garrett akacheka. Alichota risasi mezani kwa mama yake bila kuangalia, akajaza mkoba wa kiunoni, kisha akachukua bunduki yake garini.

Uwanjani zamu ya Garrett ilifika. Kisahani kikaruka, akafyatua. Bunduki ikalia ta, basi. Wapiga shabaha wengine wakamzomea. Aliikunja katikati kuifungua, akakuta pa kuwekea risasi hamna kitu.

"Nimesahau kuweka risasi," alisema, akachukua nyingine, nyekundu, nene.

Verlene aliona kitu cha njano ndani ya ule mkoba. "Usiweke!" alipiga kelele. "Chungulia mtutu kwanza."

"Mama, unanitia aibu."

"Chungulia, wee!"

Alichungulia. Mwanga haukupita. Waliposukuma ufito mtutuni ikadondoka risasi ya njano, nyembamba, ya bunduki ndogo ya Verlene. Ndiyo Garrett aliyoiweka mwanzo bila kuangalia, ikateleza na kukwama mtutuni. Ile nyekundu ingempasulia bunduki usoni. Garrett alikaa kwenye nyasi.

 Verlene alinyoosha mkono.

"Ufunguo."

Akampa.

"Na bunduki yako pia. Itakaa kabatini kwangu mpaka ujue kutofautisha njano na nyekundu."

"Mama! Mimi mtu mzima!"

"Bado u mzima kwa sababu yangu. Lete."