Mita Sitini Kutoka Alama ya Juu

Mgeni alitukuta tukipanga sato kwenye wavu wa tanuri. Alishuka kwa miguu kutoka barabara ya Kisesa, begani amebeba kitu chenye miguu mitatu kilichofungwa turubai, viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini.

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Kama unauza mizani, tunayo."

Akacheka, akasema kwa lafudhi ya Kihaya, "Siuzi kitu. Naitwa Longino, mpima wa halmashauri. Mwenyekiti nimemkosa, wakaniambia nije kwa Mama Kija."

Mama akanitazama. Hatukutarajia mpima. Mwezi uliotangulia mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umepitisha sheria ndogo ya kulinda ufukwe wetu, na rasimu yake niliiandika mimi, miezi michache tu baada ya kuhitimu. Tulidhani kilichobaki ni idhini ya baraza la madiwani. Longino akaeleza kwamba madiwani wanakutana Alhamisi na hawajadili sheria isiyo na ramani. Ndiyo maana alitumwa bila taarifa.

Sheria yenyewe ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji hakuna kulima, kufuga wala kujenga, ili mafunjo yaote tena na samaki wapate mahali pa kuzalia. La pili, hakuna kubanika samaki kwenye shimo la wazi linalomeza magogo. Kila mbanikaji awe na tanuri la matofali, maana vilima vyetu vimebaki mawe matupu. Kwa hilo la pili mfano ulikuwa tanuri la Mama. Alilijenga kwa udongo wa kichuguu, akakosea mara mbili, akabomoa, akajenga tena. Kuni zilizokuwa zikiisha kwa siku moja zikamtosha siku tatu. Wanawake walitoka vijiji vya mbali kuja kulichungulia, naye akiwaonyesha hadi tundu la moshi.

Siku ya mkutano Mzee Masele, ambaye zizi lake liko karibu kabisa na maji, alisimama akasema, "Hii sheria ya wasomi. Zizi langu mtaling'oa, ya kwenu mtayazungushia maneno."

Mama akamjibu palepale, "Masele, mstari ukinigusa mimi, hutang'oa mti hata mmoja wa zizi lako kabla hujaniona nikibomoa changu."

Watu wakacheka. Wote tulijua haumgusi. Nilikuwa nimepima mwenyewe kwa kamba ya katani, mwezi wa tisa, kutoka yalipokuwa maji.

Longino aliketi kwenye kigoda akasoma rasimu, kidole kikifuata mistari. "Kifungu cha nne. 'Kutoka alama ya juu kabisa ya maji.' Nani aliandika?"

"Mimi."

"Umeandika vizuri, dada. Wengine wanaandika 'kutoka ziwani' tu, halafu kila kiangazi ni ugomvi. Sasa hiyo alama iko wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea jiwe kubwa lenye ukanda mweupe ubavuni, ulioachwa na ziwa mwaka lilipofurika. Mkono ukiwa bado hewani, nikaelewa nilichofanya. Kamba yangu ilikuwa imeanzia chini sana, kwenye maji ya kiangazi.

Alipima mara mbili. Kigingi cha mita sitini kilisimama mita nne nyuma ya tanuri, upande wa nyumbani; tanuri lilikuwa ndani ya mstari.

Nilimfuata kando. "Kaka Longino, hivi ukianzia kwenye maji ya leo…"

"Mimi si mwenyeji," alisema taratibu. "Alama nitakayoandika ni ile mtakayonionyesha. Ukisema si jiwe lile, hakuna wa kubisha."

"Yupo," alisema Mama nyuma yetu.

Mzee Masele naye alikwisha fika, fimbo begani. Habari ya mpima ilimtangulia mpima mwenyewe. Akakitazama kigingi, akalitazama tanuri. "Mama Kija, naona kamba ya mwanao ilikuwa na haraka ya kufika."

Mama akanigeukia. "Kija, mwaka ule maji yalifika wapi?"

"Kwenye jiwe, Mama."

"Basi andika jiwe, baba."

"Mama, naweza kuongeza kifungu," nilisema. "Miezi sita ya kuhama, kwa matanuri tu."

"Na mazizi?"

Nikamtazama Mzee Masele.

"Nimekusomesha ili uje kunichongea mlango wa nyuma?"

Longino alikohoa. "Lakini mama, sheria haijaanza. Madiwani bado."

"Ya madiwani haijaanza. Niliyosema mimi mbele ya watu ilianza siku ileile. Mhaya, hata kwenu neno la mtu linasubiri mhuri?"

"Kwetu halisubiri, mama."

"Haya. Tumalize kwanza samaki wa watu."

Nilijua tunachopoteza. Mvua zilikuwa zimeanza. Udongo wa kuungia matofali usingekauka hadi zikatike. Kwenye shimo asingerudi. Miezi mitatu angeuza samaki wabichi kwa bei ya wachuuzi, wanaojua vizuri kwamba samaki mbichi hamsubiri mwenye mali. Ada ya mdogo wangu Nestory ilitoka humo tanurini. Nilijilaumu usiku kucha. Hata hivyo, chini ya lawama kulikuwa na kitu kingine kilichonifanya nishindwe kulia: mama yangu, aliyeishia darasa la nne, aliielewa sheria yangu kuliko nilivyoielewa mimi.

Asubuhi tulimkuta Masele amefika kabla yetu. Longino, aliyelala kwa mwenyekiti, alikuja na kikombe cha uji mkononi. Mama akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya jiwe la kukalia, akatikisa tofali la kona hadi likaachia. Lilikuwa bado na uvuguvugu wa jana.

"Pokea vizuri, usiliangushe. Tutalitumia."

Nilipokea. Akang'oa la pili, la tatu, safu nzima, bila kupumzika, masizi yakimpaka hadi kwenye viwiko. Tulipomaliza, mahali pa tanuri palibaki duara jeusi tu.

Mama akashuka, akapangusa mikono.

"Umeniona, Masele?"

"Nimekuona, Mama Kija," alisema mzee, akaanza kushuka kuelekea zizini kwake.