Siku Mashine Ilipozimwa

Kesi za majirani ndizo ninazozichukia kuliko zote. Mwizi akishahukumiwa, haonani tena na aliyemwibia. Majirani hutoka mahakamani na kurudi nyumbani kwa njia ileile. Hii ilikuwa mbaya zaidi, maana mdai na mdaiwa walikuwa mtu na shemeji yake.

Mdai alikuwa mwalimu mstaafu, mjane. Mdaiwa alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Unga. Mashine yake ya kusaga nafaka alikuwa ameibana kwenye ukuta unaotenganisha viwanja vyao, na ilinguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Mwalimu hakutaka ifungwe. Alitaka isogezwe upande wa pili wa kiwanja na izimwe mchana, ili naye apate kuishi ndani ya nyumba yake. Akishindwa, ingembidi aiuze akajibanze kwa mwanawe, na mnunuzi alikuwa keshajitokeza: Bwana Unga mwenyewe.

Utetezi wa Bwana Unga ulikuwa mwepesi. Kiwanja ni chake, watu wanahitaji unga, na shemeji yake ana masikio ya kudeka. Kelele zenyewe, alisema, ni za kawaida tu. Hakimu akaamua twende tukazisikie. Mimi karani nikabeba jalada.

Tulipofika, kimya. Bwana Unga alikuwa amesimama mlangoni pa mashine, shati limenyooshwa pasi, akatueleza kwa masikitiko makubwa kwamba mkanda wa mashine umekatika asubuhi hiyohiyo. Mkanda niliuona umetundikwa kwenye msumari nyuma yake, mzima kabisa. Nikafungua jalada, kwani kazi yangu ni kuandika. Hakimu aliomba tu tuingie sebuleni kwa Mwalimu.

Mwalimu alitukaribisha kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hakimu alikuwa amekaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti, na nilimwona akirudi nyuma kidogo kwenye kiti. Binti wa Mwalimu alichungulia kutoka jikoni, akakunja vidole kama aliyeshika kikombe. Mama akainua vidole viwili, kisha akapunga mkono kukataa sukari. Hakuna aliyefungua mdomo, na wala hawakuwa bubu.

Chai ikaja. Binti aliweka kikombe mbele yangu, lakini hakukiachia. Alikifunika kwa kiganja, akasubiri. Nami nikasubiri, nisijue tunasubiri nini. Kisha akagundua kwamba meza haitetemeki, akauondoa mkono kwa aibu.

"Mbona mnaongea kwa vidole?" hakimu aliuliza taratibu.

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Sasa tutasikilizana vipi, Mheshimiwa?" alijibu kwa sauti ileile. Neno la mwisho lilijaa chumba kizima. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Kumbe leo imezimwa," alisema, polepole safari hii. "Hata sikukumbuka."



Wakati huo Bwana Unga alikuwa keshafika dirishani kuja kuuonyesha utulivu wake. Hakimu, bila kupandisha sauti, alimuuliza mkanda utatengenezwa lini.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kila siku ndiyo hivi hivi," alijibu akitabasamu.

Hakimu akageukia ukutani, mdomo wake usionekane, na kurudia swali. Bwana Unga akaendelea kutabasamu tu. Mahakamani alikuwa akijibu maswali kombokombo, nasi tukadhani ni ujeuri. Nilitarajia Mwalimu afurahi kumwona amenaswa. Alimtazama shemeji yake muda mrefu, kisha akainamisha macho kwenye kikombe.

Siku ilipofika, hukumu ilisomwa kwa sauti ya kawaida ya mahakama. Mtu anayo haki ya kukitumia kiwanja chake, hakimu alisema, lakini si kwa namna ya kumfukuza jirani kwenye chake. Na kama unga ni faida ya mji mzima, si haki adha yake ibebwe na nyumba moja. Mashine isogezwe, na mchana izimwe. Bwana Unga aliitikia kwa kichwa kila sentensi, uso umechangamka.

Watu walianza kutoka. Yeye alibaki kwenye benchi, akatazama huku na huku, kisha akamgeukia mtu pekee aliyekuwa wake mle ndani.

"Shemeji, kasemaje?"

Mwalimu angeweza kujiendea zake. Aliinama hadi sikioni mwake, akapaza sauti ile aliyofundishwa na mashine, mpaka askari wa mlangoni akageuka.

"Nimeshinda. Nyumba siiuzi. Na kesho nakupeleka kwa daktari wa masikio."

Bwana Unga akauliza kesho saa ngapi.