Gauni la Mfano

Krrr. Kimya. Krrr tena, fupi, kama panya anayeguguna ubao. Zipu ilipanda mpaka usawa wa mbavu, ikagoma.

Sindano alibana pumzi gizani. Hakuwasha taa. Mwanawe alikuwa bado amelala pale kitandani, na zaidi ya hapo, mwenyewe hakutaka kujiona. "Panda basi, tafadhali," aliinong'oneza zipu kana kwamba ina masikio. Ilipanda kidogo. Kisha meno yake yakaachia yote kwa pamoja, mgongo ukabaki wazi.

Jina la Sindano alipewa utotoni kwa wembamba wake, na halikumtoka hata alipojifungua, mwili ukajaa na kukataa kurudi. Leo mdogo wake anaolewa. Yeye ndiye msimamizi wa bi harusi, wa kutembea naye bega kwa bega mbele ya kadamnasi.

Fundi wao hakuwa mtu wa kupima kwa tepu. Ukitaka nguo, unampelekea gauni linalokukaa vizuri, analitandaza juu ya kitambaa na kukata kama lilivyo. Kwa sare ya harusi, wenzake walipeleka magauni yao. Sindano alipeleka lile la kabla ya mtoto. Alijiambia, mpaka siku ifike nitakuwa nimepungua. Akaacha chakula cha jioni, akawa anakunywa maji ya moto na kuidanganya njaa kwa kumwimbia mtoto. Mwili haukusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Kulipopambazuka mtoto aliamka, akakimbilia uani kwa bibi yake. Sindano akafunga komeo nyuma yake, akaketi sakafuni, akalia mpaka machozi yakamkaukia.

"Wee Sindano," shangazi alibisha hodi. "Magari yako njiani. Unavaa au unashonwa humo ndani?"

Wanawake uani wakacheka.

"Naumwa, shangazi."

"Unaumwa nini?"

Alimsikia shangazi akishusha sauti, lakini si sana: "Si nilisema mimi? Mtu anazaa mtoto mmoja, anavimba kama kazaa kijiji."

Alijifunika shuka usoni. Aliomba ardhi ipasuke immeze, kisha akawaza kwamba hata huko angekwama.

Baadaye zikaja hatua nyepesi.

"Dada, ni mimi. Fungua."

"Mchukue binamu," Sindano alisema kupitia mlangoni. "Yule mwembamba. Gauni litamkaa."

"Litamkaa, ndiyo. Lakini binamu nikilia atanicheka. Wewe utalia na mimi."

"Watu watakuwa wananitazama mimi badala yako. Sitaki kuwa doa kwenye siku yako."

"Dada." Sauti ya bi harusi ilikatika, akaanza upya. "Mimi naogopa, mwenzio. Usiniache niende peke yangu."

Komeo likafunguka. Bi harusi aliingia na fundi nyuma yake, mama wa makamo mwenye pini mdomoni. Fundi alimgeuza Sindano, akautazama mgongo, wala hakuguna.

"Kitambaa hiki kimeisha," alisema. "Una nguo gani nyingine?"

Sindano alionyesha gauni lake la ujauzito, la buluu, lililoning'inia msumarini. Sare ya harusi ilikuwa ya waridi.

"Nitapasua mgongo mpaka kiunoni, niweke kipande cha hilo, upana wa viganja viwili. Rangi hazitaelewana. Watu wataona."

"Wataona mimi ni mnene."

"Hilo walishaliona, mama, tangu jana ulipoingia na mabegi. Leo wataona kiraka. Nipasue, nisipasue?"

Sindano aliutazama mkasi. Akisema hapana, shuka litamfunika mpaka jioni. Honi zitalia, zitapotelea mbali, na huko mdogo wake atashuka garini akitafuta mkono wa kushika.

"Pasua," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa.

Fundi alishona kwa mkono, haraka. Alipomaliza, kwenye kioo kiraka kilikuwa kiraka na tumbo lilikuwa tumbo. Buluu ilipiga kelele katikati ya waridi. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, pumzi iliingia ikafika chini. Mdogo wake alimshika mkono, na haikujulikana nani anamshikilia nani.

Walipotokeza uani, wanawake waligeuka. Shangazi aliutazama ule mgongo, akafungua mdomo. Mtoto, aliyeketi kwenye ngazi na kandambili za bibi yake miguuni, alimtazama mama yake juu mpaka chini, akawageukia wanawake wote, akasema:

"Mama ametoka."