Shahidi Aliyesindikiza Wageni

Mimi ni mkalimani, na kazi ya mkalimani ni kusema ya wenzake. Leo nasema yangu, maana yamenikaa kooni mwaka wa pili sasa.

Wageni wa Misheni, ile ya Ulaya ya kusimamia sheria, walikuja Kosovo kutusaidia kuzisimamisha mahakama zetu. Walikuja polisi, waendesha mashtaka, majaji, kila mmoja na mafaili yake. Mimi nilipangiwa Bi Kaarina, mwendesha mashtaka kutoka Ufini, mwanamke mpole anayeandika kila kitu, hata ukikohoa. Kesi yetu ilikuwa ya Bedri, kamanda wa zamani wa vita, aliyemtoa mwalimu Ukshin nyumbani kwake mchana kweupe, na mwalimu hakuonekana tena. Mashahidi walikuwa watatu. Wawili walikwisha sahau, kama watu wanavyosahau wakitishwa. Alibaki mzee Tahir, aliyeyaona yote akiwa shambani kwake. Bila yeye, Bedri anarudi zake nyumbani.

Na mzee Tahir nilimshawishi mimi. Nilimwambia jina lake litafichwa, ataitwa Shahidi K, atasemea nyuma ya pazia na sauti itabadilishwa. Nikamwapia kwa jina la marehemu baba yangu. Kwa hiyo likimpata la kumpata, liko shingoni mwangu.

Jumatatu ya wiki ya kesi Bi Kaarina akataka kumwona. Magari meupe ya Misheni tuliyaacha mjini, tukachukua kigari changu chekundu kilichojichokea. Bi Kaarina akajifunga kitambaa kichwani. Tulikuwa wanunuzi wa pilipili hoho. Septemba ile kila ua ulinukia pilipili za kuchomwa, na kina mama wa mjini huzifuata vijijini.

"Akikupa kahawa, kunywa," nilimwambia njiani. "Ukikataa atadhani unamdharau."

Mimi na kimbelembele changu. Tulipofika akanywa. Mzee akasema Alhamisi atakuja, hana wasiwasi. Mkewe, mama Hatixhe, akatufungia gunia la pilipili. Tulipoaga nikamshika mzee mkono mlangoni.

"Baba, usitoke nje. Nakuomba."

"Sitoki," akasema.

Akatoka. Alitusindikiza uani, akatusindikiza getini, akavuka barabara hadi kwenye gari. Akamfungulia Bi Kaarina mlango, akaweka mkono kifuani, akasimama wima mpaka tukapotea konani. Ng'ambo, mbele ya mkahawa, wanaume wanne waliacha kucheza domino. Nani humsindikiza mnunuzi wa pilipili namna ile?

"Mzee ana adabu kweli," akasema Bi Kaarina, amefurahi.

"Hiyo adabu itamuua."

Akaacha kuandika. Nami simlaumu mzee. Mtu akishakunywa kahawa yako ni mgeni wako, na mgeni hatoki peke yake. Miguu ilikwenda yenyewe. Najilaumu mimi niliyezaliwa humu, nikayajua hayo, na bado nikamwambia mwenzangu anywe.

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, Bedri yuko kwangu." Mzee alikuwa ananong'ona.

"Amekuja na nani?"

"Peke yake. Hana hata kisu. Amevua viatu, amekaa. Anasubiri kahawa."

Yule mshenzi alikuwa nje kwa dhamana, na akili anayo. Akinywa ile kahawa amekuwa mgeni wa nyumba, na mtu wa aina ya Tahir hasemi neno la kumfunga mgeni wake. Hata umkate shingo.

"Baba, usimpe."

"Mtu yuko ndani ya nyumba yangu. Nimwambie nini?" Simu ikakatika.

Nikamkimbilia Bi Kaarina.

"Ametishia mtu?" akauliza.

"Hapana."

"Ana silaha?"

"Hapana."

"Sasa niwaambie polisi kosa lake ni nini?"

"Kahawa," nikasema, na nikaanza kulia mbele yake.

Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Halafu akakumbuka jana, uso ukamshuka, akashika simu. Polisi walifika baada ya dakika arobaini. Bedri alikwisha ondoka, na mzee hakuwafungulia kinywa. Jumatano nilimpigia mara kumi na moja. Hakupokea.

Alhamisi akaja, amevaa kofia yake nyeupe ya sufu. Pazia akalikataa, alisema hajui anafichwa kwa nani tena. Bedri alikaa na mawakili wake, ametulia kama bwana harusi.

"Siku hiyo ulimwona mshtakiwa?" akauliza jaji aliyeongoza jopo, mgeni wa Misheni.

Mzee akavua kofia, akaanza kuikunja. Wakili wa Bedri akaanza kufunga faili.

"Jumanne huyu bwana alikuja kwangu," mzee akasema, macho sakafuni. "Niliagiza kahawa. Mke wangu akamwaga maji jikoni kusudi, moto ukazimika, akamwambia kwetu hakuna kahawa. Alitoka kwangu mdomo mkavu."

Nikatafsiri. Jaji akauliza hayo yanahusiana vipi na kesi. Lakini majaji wetu wawili, waliokaa kushoto na kulia kwake, walikwisha weka kalamu chini, na nyuma ya ukumbi watu walikuwa wakinong'onezana. Hakuna mwanamume wa huku anayesema jambo kama lile juu ya nyumba yake hadharani. Mzee alikuwa analia kwa aibu.

"Kwa hiyo naweza kusema," akasema. "Nilimwona."

Alisema kwa saa mbili nzima. Hukumu ilikuja baadaye: miaka kumi na mitano. Misheni ilishangilia, na Bi Kaarina akanikumbatia.

Wazee wale walihamishwa Jumamosi ya wiki ileile ya kesi, kwenda nchi nisiyoruhusiwa kuitaja, ghorofa ya tano, mahali ambapo hakuna anayejua neno moja la lugha yetu. Nilikwenda kuwaaga. Mzee alikuwa tayari garini, anatazama mbele. Mama Hatixhe alikuwa bado amesimama na mkoba wake.

"Mama, kesi nzima umeiokoa wewe," nikamwambia. "Usingefanya vile—"

"Mwanangu, niandikie namba yako," akanikatiza. "Niwe nakupigia, hata mara moja kwa wiki. Hajasema na mimi tangu Jumanne."