Vitufe Thelathini na Viwili

Gidioni hakuwahi kurusha hata tiara. Baiskeli yenyewe aliiendesha amekakamaa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Lakini Alhamisi ile, ndani ya duka la Ferdinand mjini Biharamulo, alisimama ameweka mikono nyuma, akimweleza Diana namna ya kuendesha chombo cha angani.

"Chombo ni uzito," alisema. "Ukishika kitu chepesi, na chombo chenyewe kinakuwa chepesi. Mimi nimeshaona."

"Umeona wapi?" aliuliza Agripina.

"Shemeji, mambo haya yanajulikana."

Agripina, mama yake Diana, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani, unga bado umemganda kwenye nyusi. Alikuwa amefunga mashine yake ya kusaga kule Nyarubungo, siku yenye foleni ya mahindi, ili aje kumtazama mwanamume wa miaka arobaini na moja akichagua kifaa cha mchezo. Mchezo wenyewe hakuuheshimu. Mara ya kwanza alipoambiwa kwamba binti yake hujifunga sanduku jeusi usoni akajiona anaelea nje ya dunia, aliuliza tu kama huko nje ya dunia kuna mtu wa kuosha vyombo.

Lakini kazi ni kazi, na hii ilikuwa kazi. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitengeneza gemu ilitaka watu wa kuzijaribu kabla hazijauzwa. Mkataba wa mwaka mmoja, mshahara, bima, na chumba cha kuanzia. Diana alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akitengeneza simu za watu katika duka hilihili la Ferdinand, na wateja wa gemu wakipungua alilivaa lile sanduku jeusi, miwani ya VR ya dukani, na kuruka. Alikuwa amepita mchujo wa kwanza. Ulibaki mmoja, Jumamosi saa nne asubuhi, waamuzi wakitazama kwa mtandao kutoka Dar: aegeshe chombo ndani ya kituo kinachozunguka angani, mara moja tu, bila kugusa ukuta. Akigusa, basi, anarudi kwenye vioo vya simu vilivyopasuka.

Na walitaka aegeshe kwa vifaa kamili: joistiki mkono wa kulia, ile fimbo ya kugeuzia chombo, na mkono wa kasi upande wa kushoto, ule wenzo wa kusukumia mbele na kuvutia nyuma. Ndipo Thobias, mume wa Agripina, alipotoa mchango wake wote katika jambo hili. "Muulizeni Gidioni," alisema, akimtaja mdogo wake, akarudi shambani.

Katika ukoo wa Thobias, watu wa Mbuba tangu zamani, chombo ambacho mtoto anatoka nacho kwenda kazini huchaguliwa na baba mdogo. Iwe jembe, iwe cherehani, iwe baiskeli ya kubebea ndizi. Baba mdogo anaweka kiganja juu ya kitu mbele ya watu, na hapo kimeshachaguliwa. Anayekikataa amemkataa baba mdogo, na aliyemkataa baba mdogo haagwi na ukoo.

Agripina aliujua mkono wa Gidioni. Miaka kumi na miwili nyuma, yeye na diploma yake ya ufundi mitambo alipotaka kufungua mashine, ukoo ulisema mke naye ni mtoto wa nyumba, kwa hiyo Gidioni achague mota. Gidioni aliweka kiganja juu ya mota kubwa kuliko zote dukani. Ilikuwa ya fezi tatu, ya kutaka nyaya tatu za umeme. Nguzo ya Nyarubungo ilikuwa na fezi moja, na hadi leo ina fezi moja. Aliambiwa. Akajibu kwamba umeme ni umeme. Agripina alinunua mota nyingine baadaye, kimyakimya, na ile ya kwanza ikabaki nyuma ya banda. Kuku hutagia juu yake.

Sasa mkono uleule ulikuwa ukipitapita juu ya kaunta ya Ferdinand.

Kwenye kaunta kulikuwa na seti mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya plastiki, joistiki na mkono wa kasi vikiwa kwenye kitako kimoja. Gidioni aliisukuma kwa kidole ikateleza hadi ukingoni. Hapo alikuwa sahihi, kwa bahati. Ya pili ilikuwa kubwa kama injini ya pikipiki. Iliwaka taa nyekundu na buluu, joistiki yake ilijaa vitufe kama kunguni kwenye godoro, na mkono wake wa kasi ulikuwa na matawi mawili manene kama ya rubani wa ndege ya abiria.

"Thelathini na viwili," alisema Ferdinand, mwenye duka, kijana mnene aliyezoea kuuza makasha ya simu. "Vitufe thelathini na viwili, mzee. Kila kazi na kitufe chake."

"Umesikia, Diana?" Gidioni alisema. "Kila kazi na kitufe chake. Hutaomba mtu."

"Nimesikia, baba mdogo."

Agripina alimtazama binti yake. Diana hakuwa akiitazama seti ya taa. Alikuwa amesimama upande wa ndani wa kaunta, mkono wa kushoto umezama chini, na kiwiko chake kilikuwa kikisogea taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo.

"Una nini huko chini?" Agripina aliuliza.

"Hamna kitu, mama."

"Kitoe hicho hamna kitu."

Diana alikiweka juu. Ilikuwa seti ya tatu, ya kijivu, vipande viwili vizito vilivyochubuka, joistiki isiyo na madoido na mkono wa kasi uliopoteza kirungu chake. Kilibaki chuma kitupu, kama mkia wa panya.

"Hiyo imechoka, Mama Diana," Ferdinand alisema haraka. "Ilikuja na mzigo wa Mwanza. Nilitaka kuitupa."

"Anafanya mazoezi na ipi?"

Ferdinand alianza kufuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

"Ferdinand. Ipi?"

"Hiyo ya kijivu."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

Gidioni alicheka kwa pua. "Mtoto aende kwa watu wa Dar na kitu hakina hata kichwa? Waseme tumetoka porini?" Akanyanyua kiganja kuelekea kwenye taa nyekundu na buluu.

"Ngoja," Agripina alisema. "Mkono wako urudishe mfukoni kwanza. Nina swali la kijinga."

Gidioni aliurudisha. Maswali ya kijinga aliyapenda, yalimpa nafasi ya kufundisha.

"Huyu akishafunga lile sanduku usoni, anaona kaunta?"

"Haoni, shemeji. Anaona anga."

"Mikono yake anaiona?"

"Haioni."

"Sasa vitufe thelathini na viwili anaviona kwa nini? Kwa magoti?"

"Anavizoea."

"Kwa siku mbili."

"Shemeji, wewe unasaga mahindi. Hii ni teknolojia."

Agripina alisaga mahindi, ndiyo. Alisaga ndani ya banda ambalo, kazi ikichanganya, unga hufunga hewa yote na mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Hapo macho ni mzigo. Kwenye wenzo wa kufungia mahindi alikuwa amezungusha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na ule wa kuzimia ameuacha chuma kitupu, ili kiganja kijue bila kuuliza. Fundi mmoja aliwahi kumpakia rangi nzuri, nyekundu na kijani, kwenye nyenzo zote mbili. Alimlipa, akamwambia asirudi.

"Diana," alisema, "hii nyingine ina ubaya gani? Na usininong'onezee, sina siri na mtu hapa."

Diana alimtazama baba yake mdogo, kisha akaitazama kaunta. "Angani hakuna hewa ya kukupunguza mwendo, mama. Ukisukuma mkono mbele, chombo kinakwenda. Ukivuta nyuma, kinarudi kinyumenyume. Kusimama ni katikati, hapo chombo kinajifunga breki chenyewe. Hii kubwa ni ya ndege, inateleza mwanzo hadi mwisho. Katikati huipati bila kuangalia. Ya kijivu ina kidato. Ukifika katikati inakushika kidogo, kama komeo."

"Kidato ni ubovu," Gidioni alisema. "Kitu kizuri kinateleza."

"Sawa," alisema Agripina. "Ferdinand, mvalishe."

"Nani?"

"Mchaguzi."

Gidioni hakutaka, lakini wateja wawili waliokuwa wakisubiri simu zao walikuwa wameshageuza viti. Alivalishwa miwani. Akawekewa mkono wa kulia kwenye joistiki ya taa na wa kushoto kwenye matawi mawili. Kwenye skrini ya ukutani, kila mtu aliona alichokuwa akiona yeye: giza, nyota, na mbele yake kituo kikubwa kikizunguka taratibu kama ungo unaopepeta.

"Nenda," Agripina alisema.

Gidioni alikwenda. Alikwenda vizuri kabisa, kwa kuwa mbele hakukuwa na kitu. Kituo kilikua. Kikajaza skrini.

"Simama sasa."

Gidioni alivuta mkono wa kasi hadi mwisho, kama mtu anayezima trekta. Chombo kilitetemeka, kikaanza kurudi kinyumenyume. Alihisi anarudi, akasukuma. Kikaenda mbele. Akavuta. Akabonyeza kitufe, taa za chombo zikazima. Akabonyeza kingine, magurudumu yakatoka, na angani hakuna barabara.

"Kile cha kusimamia kiko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila kazi na kitufe chake," alisema Agripina. "Kitafute."

Alikitafuta. Alipata cha kufyatulia mizigo. Kisha chombo kilirudi nyuma hadi kwenye matangi ya mafuta ya kituo, skrini ikawa nyeupe, na Gidioni akachuchumaa sakafuni ameshikilia mguu wa meza, miwani bado usoni. Mmoja wa wateja alikohoa muda mrefu bila kuwa na kikohozi.

"Baba mdogo, pole," Diana alisema, akainama kumvua.

"Usimvue," Agripina alisema. "Hajachagua bado."

Alimnyanyua shemeji yake kwa kwapa na kumwegemeza kwenye kaunta. Kisha akauchukua mkono wake wa kushoto na kuuweka juu ya mkono wa kasi wa kwanza, ule wa plastiki. "Tafuta katikati." Kitako kiliteleza. Akauhamishia kwenye ule wa matawi mawili. "Tafuta katikati." Gidioni alienda mbele, akarudi, akaenda, akakata tamaa. Akauweka kwenye chuma kitupu cha ile ya kijivu. Gidioni alisukuma, akavuta, na ndani ya chuma kitu kikashika. Tak.

Aliachia pumzi. Kiganja chake kilitulia pale, kikang'ang'ania, kama cha mtu aliyefika ukingoni mwa mto.

"Kiganja kiko juu ya kitu," Agripina aliwaambia waliokuwepo. "Mmeona?"

"Tumeona," walisema wale wateja wawili.

"Ferdinand?"

"Nimeona, Mama Diana."

"Baba mdogo amechagua. Mvue sasa, kabla hajatapikia simu za watu."

Gidioni alipotolewa miwani alitazama mkono wake ulipokuwa, akaangalia nyuso, akafanya hesabu yake. Hesabu hiyo hakukosea. "Ndiyo," alisema, akijifuta jasho. "Nilitaka kuhakikisha kwanza."

Ferdinand alijaribu kutaja bei. Agripina alimkumbusha kwamba alitaka kuitupa.

Ijumaa Agripina alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungushia ule mkia wa panya mara saba na kuukaza kwa waya mwembamba. Hakusema neno la kutia moyo. Alisema, "Usipoupata huu hata gizani, basi tatizo si mpira."

Jumamosi saa nne, dukani kwa Ferdinand, umeme ulikuwepo, mtandao ulikuwepo, na Gidioni alikuwepo, amevaa koti. Diana alikaa, akavaa miwani. Mikono yake ilishuka moja kwa moja kwenye joistiki na mkono wa kasi, bila kupapasa.

Agripina alisimama nyuma yake, tayari kudharau. Ilikuwa upuuzi, mtu mzima kwenye kiti cha plastiki akisogeza wenzo kwa upana wa punje ya mtama. Kituo kilizunguka kwenye skrini. Chombo kilisogea, kikasimama. Tak. Kikageuka upande, kikaanza kuzunguka sambamba na kituo, hadi ikaonekana kituo ndicho kilichotulia na nyota ndizo zinazozunguka. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani. Upande wa kushoto nafasi ilibaki ya kupitisha shilingi. Kidole gumba cha Diana kilikandamiza mpira, kikavuta kwa kiasi ambacho hakikuonekana, na Agripina akagundua kwamba mkono wake mwenyewe, ndani ya mfuko wa sketi, umekunja ngumi na unavuta nao. Aliufungua kwa hasira.

Tak. Chombo kilitua.

"Asante, Diana," sauti ya mwanamke ilisema kutoka Dar. "Hukugusa popote. Mkataba utakufikia Jumatatu. Na hicho kifaa unachotumia tungependa kukijua, wenzako wanne wametugongea ukuta kwa mitambo ya bei kubwa."

"Alinichagulia baba mdogo," Diana alisema, miwani ikiwa bado usoni.

Gidioni alisogea mbele ya kamera na kuinamisha kichwa.

Agripina alimwacha. Foleni ya mahindi ilikuwa ikimsubiri Nyarubungo. Alichukua mkoba wake, na Gidioni akamfuata hadi mlangoni, ameshajaa tena kama gunia lililoshindiliwa.

"Sasa shemeji, limebaki begi la safari," alisema. "Pale sokoni nimeliona moja, kubwa kuliko yote."

"Lina vitufe vingapi?" aliuliza Agripina, na hakungoja jibu.