Kiti cha Nyuma, Upande wa Jua

Sweta liligoma begani. Dada aliupinda mkono wa kulia wa baba yao, ule ambao tangu kiharusi haukuwa na habari na mtu, akaupenyeza ndani ya sufu taratibu, kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alipomaliza akamzungushia shali shingoni na kumtandikia blanketi mapajani.

"Unamvika kama anakwenda kwenye barafu," mdogo wake alisema akiwa mlangoni, funguo zikicheza kidoleni.

"Viyoyozi vyenu vinatia watu mafua. Mara ya mwisho nilishuka garini pua imeziba."

"Lile lilikuwa gari la zamani, Dada. Hili unaliambia kiasi cha joto unachotaka, basi, unaachana nalo. Jua likizidi linaongeza baridi lenyewe, likipungua linapunguza. Lina kidude cha kulipima jua."

"Na baba, nani anampima?"

Mdogo wake alicheka. Nyumbani walimwita Mpima, na kwa kweli alikuwa mpima ardhi, mtu wa kusimama juani kutwa nzima akichungulia kwenye lenzi na kugombana na wenye mashamba kwa upana wa kiganja. Alikiamini kioo cha chombo chake kuliko macho yake mwenyewe. Hakuona aibu kusema hivyo, kwa sababu macho yalikuwa yamewahi kumdanganya, chombo bado.

Walimbeba mzee wakamketisha nyuma, upande wa kushoto. Mpima mwenyewe ndiye aliyechagua kiti. "Leo wewe ndiye mkubwa, baba. Wakubwa hawakai mbele na dereva."

"Mm," alisema mzee.

Ndiyo sauti pekee iliyombakia. Mtu huyu alikuwa mwoka mikate, na enzi zake alikuwa akiwaita vibarua kutoka upande wa pili wa barabara bila kuinuka kitini. Sasa njaa ilikuwa mm, haja ilikuwa mm, ndiyo na hapana zote zilikuwa mm. Dada, aliyekaa naye mchana na usiku, alidai anazitofautisha. Mpima alikuwa bado hajajifunza.

Kliniki ya wagonjwa wa kiharusi ilikuwa mji wa jirani, magharibi, na waliondoka wao wawili, Dada akibaki nyumbani, jua likiwa limekwisha kupanda mgongoni mwao. Mpima aliweka nyuzijoto ishirini na mbili. Namba ikawaka kwa rangi ya samawati, feni ikavuma kwa nguvu, kisha ikajituliza yenyewe kama mtu aliyemaliza shughuli. Alifurahi moyoni. Kwa muda mrefu alikuwa akitamani siku ya namna hii: yeye kwenye usukani, baba nyuma, barabara mbele, bila mtu wa kuwakatiza.

Akaongea. Alimsimulia baba habari za nyumba aliyokuwa akiijenga, chumba cha chini kisicho na ngazi kitakachokuwa chake, dirisha litakalotazama bustani. Kila alipotua, kutoka nyuma ilikuja ile sauti, mm, naye akaichukua kuwa kibali na kuendelea.

Hawajafika mbali kioo cha dirisha la nyuma kikaanza kushuka. Mzee alikuwa amekifikia kitufe kwa mkono wake mzima. Joto na vumbi vikaingia kwa pamoja.

"Hapana, baba, usiguse. Ukifungua unalichanganya gari. Litajirekebisha lenyewe." Akakipandisha kioo kutoka mbele, kisha akabonyeza kile kitufe cha kufungia madirisha ya nyuma, kilichowekwa kwa ajili ya watoto watundu.

Mbele kulikuwa na matengenezo ya barabara. Magari yalipanga foleni, yakisogea kama yanayosukumwa kwa mkono. Mpima alihisi baridi, akashusha mikono ya shati na kufunga vifungo. Alifungulia redio. Ulipigwa wimbo wa zamani, na punde akasikia nyuma mapigo: ta, ta, ta, vidole kwenye mlango.

"Unaukumbuka huu, eh?" alisema, akaongeza sauti.

Mapigo yaliendelea kidogo, yakapoteza mwendo, yakakoma. Mpima alichungulia kwenye kioo cha juu. Mzee alikuwa ameegemeza kichwa, macho yamefumba, uso umewiva. Amelala, alijiambia, na akapunguza redio asije akamwamsha.

Kwenye uwanja wa kliniki alifungua mlango wa nyuma, na joto likampiga usoni kama la tanuri. Alimwita. Alimtikisa bega. Ngozi ya mzee ilikuwa kavu, nayo ilichoma. Mpima alipiga kelele ambayo baadaye hakuikumbuka.

Muuguzi mmoja alikuja mbio na machela, wakamvua mzee sweta kwa mkasi. "Mlimfungia ndani ya gari?" aliuliza, bila kuinua uso.

"Hapana! Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi muda wote. Ishirini na mbili. Njoo uone, bado inawaka."

Yule muuguzi alimshika mkono ili amsogeze kando machela yapite. Kisha akamtazama, kwa mara ya kwanza, na akautazama na ule mkono alioushika. Ulikuwa wa baridi.

Mzee hakuamka. Daktari alisema mwili wa umri ule, tena wenye kiharusi, husahau kujipoza. Alisema pia kwamba hakuna anayelaumiwa, kwa ile sauti ambayo madaktari huitumia wanapotaka kutoka chumbani. Walimzika kabla wiki haijaisha.

Msibani Mpima alikuwa na sentensi moja. Aliwaambia wajomba, akawaambia majirani, akamwambia hata kinyozi aliyekuja kutoa pole: gari lilikuwa zima, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa, namba ilikuwa ishirini na mbili. Watu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Siku wageni walipokwisha kutawanyika, Dada alimkuta jikoni akimkariria shangazi yao maneno yale yale. Alisubiri shangazi atoke.

"Ishirini na mbili ya nani?" aliuliza.

"Ya gari, Dada. Ya ndani ya gari."

"Ndani wapi?"

Mpima alichukua kikombe alichoacha shangazi, akaanza kukiosha.

"Sweta nilimvalisha mimi," Dada alisema. "Na shali, na blanketi. Nimejaribu kulala, silali. Nataka kujua. Kesho asubuhi nipitishe njia ile ile, saa ile ile. Mimi nakaa nyuma."

"Itakusaidia nini?"

"Sikukuomba unisaidie."

Asubuhi yake waliondoka saa ile ile. Aliweka namba, feni ikavuma, ikatulia. Jua lilikuwa nyuma yao, likiingia kwa kioo kikubwa cha nyuma na kumkalia Dada kichwani na mabegani. Mbele, chini ya kivuli cha paa, kile kidude cheusi juu ya dashibodi, kidogo kama kifungo cha koti, kilikuwa gizani. Mpima alikitazama. Asubuhi yote ile kilikuwa kimelitafuta jua mahali ambapo jua halikuwapo. Na matundu ya hewa, alipoyahesabu sasa kwa macho, yote yalikuwa mbele, yote yakimpulizia yeye.

Alijikaza asigeuke. Kufika kwenye matengenezo ya barabara, vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama kwa baridi, na ndipo aliposikia kitufe cha dirisha kikibonyezwa. Tik. Tik. Hakikufungua kitu. Tangu siku ile hakuna aliyekumbuka kuyafungua yale madirisha.

Alikata kona nje ya foleni, akasimamisha gari kwenye changarawe, akaruka nje na kuufungua mlango wa nyuma kwa nguvu kiasi kwamba bawaba ililia. Dada alikuwa amelowa, nywele zimemganda kwenye paji la uso, midomo imekauka.

"Basi, Dada. Inatosha."

"Yeye alifika mpaka mwisho," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Endesha."

"Siwezi."

"Endesha, nimekwambia!"

"Siwezi, Dada! Aligonga mlango. Mimi nikaongeza redio."

Dada alishuka, akijishikilia kwenye mlango, akaenda kukaa kwenye rundo la mawe ya ujenzi. Mpima alimfuata akaketi pembeni yake, si karibu sana. Nyuma yao gari lilikuwa limebaki na milango wazi, injini ikiunguruma. Sasa lilikuwa limegeuza pua upande wa jua, na kidude kile kilikuwa kimeliona. Feni ilipanda ghafla, ikavuma kwa nguvu zake zote, ikimwaga hewa baridi juu ya viti vitupu na kuitoa barabarani.

Madereva kwenye foleni waliwatazama, wakasogea, wakaja wengine wakawatazama. Hakuna hata mmoja wa wawili wale aliyeinuka kwenda kulizima.

Baada ya kitambo Dada alinyoosha mkono na kumwekea mdogo wake kiganja shingoni, chini ya sikio, kama anavyoshikwa mtoto anayeshukiwa homa. Alikiacha pale. Mpima alitulia tuli, akisubiri Dada amwambie kama kiganja kinasikia joto au baridi.